Wodi ya Pili Haimo Kwenye Jedwali

Jumatatu, 3 Machi
Bodi ya hospitali inataka kufunga wodi moja: ile inayokaa na wagonjwa siku nyingi kupita zote. Kazi ya kuitafuta nimetupiwa mimi, mtu wa takwimu. Nimeingiza kumbukumbu za mwaka mzima, nikapiga rigresheni, hesabu ya kupima wodi moja inaizidi nyingine kwa siku ngapi. Wodi ya kwanza programu imeifanya ya kulinganishia, kwa hiyo yenyewe haipewi namba. Ya pili imeizidi siku moja na nusu. Ya tatu, siku nne. Basi, ni ya tatu. Dada yangu ndiye sista mkuu wa ya pili. Nimekula mchana kwa raha zangu.

Jumanne, 4 Machi
Mkurugenzi kagoma. Karudia kwa programu yake, na yake huchukua wodi ya mwisho ndiyo ya kulinganishia. Sasa ya kwanza ina kutoa nne, ya pili kutoa mbili na nusu. Kazizungushia wino mwekundu — ziko chini ya sifuri, eti zinaumwa! Nikamweleza: mzee, majibu ni yaleyale, kutoa nne maana yake wagonjwa wanatoka siku nne mapema. Akaniuliza shule gani ilinifundisha kwamba kutoa ni kuzuri. Nimechoka mimi.

Jumatano, 5 Machi
Siri imevuja: wodi ya kulinganishia, kwangu ile ya kwanza, haina namba kwenye jedwali, na isiyo na namba haisemwi. Sista wa wodi ya tatu kaita fundi rangi, mlango wake sasa umeandikwa 1. Sista wa wodi ya kwanza alipoona, wake kaandika 0. Kumbukumbu ni za mwaka jana, rangi ni ya leo — nani wa kumwambia nani? Mgonjwa mmoja wa magongo kazunguka korido mara tatu akitafuta kitanda chake mwenyewe.

Dada hakupaka kitu, na sasa yake ndiyo imebaki ya kusemwa. Kanivuta pembeni, kasema: Mdogo wangu, hesabu zenu sizijui, ila wewe nakujua. Basi. Na ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa vifuniko vya chupa. Moyo umeniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya. Programu ina mahali pa kuchagua mwenyewe wodi ya kulinganishia. Nimebonyeza ya pili. Si uongo. Ya kwanza kutoa moja na nusu, ya tatu kujumlisha mbili na nusu. Dada haguswi.

Ijumaa, 7 Machi
Bodi imekaa dakika kumi na moja. Mwenyekiti kalisoma jedwali kwa kidole. Ya kwanza ipo, ya tatu ipo. Ya pili iko wapi? Nikasema hiyo ndiyo ya kulinganishia, imo ndani ya zote. Akasema hakuuliza imo ndani ya nani. Mkurugenzi, leo ndiyo kaamua kunitetea: mtaalamu wetu hakosei, kama haimo, haimo. Wakaandika kwamba hospitali ina wodi mbili, hakuna ya kufungwa. Nikapigiwa makofi.

Saa saba mchana wabebaji wamekuja wodi ya pili kukusanya vitanda "vilivyozagaa". Nimekimbia mpaka pumzi imekata. Naandika haya nimekalia kitanda namba sita, miguuni pa bibi aliyevunjika nyonga, wasije wakambeba nacho. Bibi anauliza kama mimi ndiye daktari. Dada kasimama mlangoni, kauziba kwa mwili wake. Mbebaji kampa jedwali, lenye sahihi yangu chini. Kalisoma lote, polepole. Sasa ananitazama.

"Mdogo wangu, mimi niko wapi hapa?"