Mkono wa Kwanza wa Bibi Harusi

Mountain View, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na mikono yako naibusu nikiwa huku mbali. Mguu umepoa? Na asumini za uani, nani anazitunga siku hizi? Sisi hatujambo, ila baridi ya huku imetulazimisha kuvaa sweta ndani ya nyumba.

Najua utashangaa kupata barua ilhali simu ipo. Mama, maneno ya simu hunitoka kabla sijaiweka mezani. Juzi tulipomaliza kuzungumza ilibidi nimwulize Salim, "Mama kasema nini?" Mume wangu alikuwa kakaa pembeni akisikia, akanihadithia yote. Kwenye barua nikipotea, narudi juu nasoma.

Aliyonihadithia ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Kumbe umewaambia watu kwamba Rukia ameshapona, na atakuja kumpaka hina mdogo wake Zuhura siku ya harusi, mikono na miguu, kama nilivyoahidi kabla sijaugua.

Mama, kupona nimepona. Ile TB iliyopanda hadi kwenye utando wa ubongo imekwisha, dawa nimezimaliza, na daktari kasema hamna mdudu tena. Ila mdudu alipotoka hakurudisha alivyobeba. Nikienda soko la Kangemi kununua nyanya narudi na vitunguu, na nyumbani vitunguu vimejaa kapu. Chai ikimwagika nafoka hadi majirani wanasikia, kisha nasahau nilimfokea nani. Adhuhuri ikifika nimechoka kama niliyetwanga mpunga tangu alfajiri. Salim haniachi tena na jiko la gesi peke yangu, na naona haya, mtu mzima mimi.

Lakini ya zamani yote yapo! Namwona Bibi, Mungu amrehemu, kakaa mkekani pale uani, kijiti cha ukuti mkononi, nawe unatwanga majani ya hina na kunifukuza nisiguse. Harufu ya ndimu na udi naisikia hadi leo. Bibi akinambia, "Mkono wa kwanza ni wa jicho, wa pili ni wa kichwa. Ukisahau ulichochora, bibi harusi atakuwa na mikono ya watu wawili." Nazitamani siku zile hadi moyo unauma. Jana nilikula nini, sijui.

Wiki iliyopita jirani yangu, Mama Njoki, alinipa mikono yake nijaribu. Wa kwanza ulikuja wenyewe, maua ya Bibi matupu, ungeyajua ukiwa mlangoni. Wa pili ukanishinda. Nikiutazama ule wa kwanza nayaona maua. Nikiinama kuchora, yameshaondoka kichwani. Nikachora mengine kabisa. Mama Njoki akaigeuza mikono yake.

"Aki, hii na hii si ya mtu mmoja," akasema. "Lakini usijali, Mama Swabra. Hii moja imetoka poa sana. Hii ingine nitaweka kwa mfuko."

Tulicheka sana. Alipoondoka nikalia.

Sasa ombi langu. Sitaki Zuhura akalishwe mbele ya wakwe na mikono isiyofanana, watu wakanong'onezana. Wala sitaki kukaa pembeni kama mgeni siku ya mdogo wangu. Mkono wa kwanza nipeni mimi, asubuhi, nikiwa na nguvu. Wa pili apake Shangazi Mwanasha, afuatize maua yangu, kwani yeye kichwa chake kizima. Na miguu aichukue. Tena usiwafiche watu nilivyo. Nikilisahau jina la mtu wasidhani ni maringo ya Nairobi.

Mguu umepoa? Kama nimeshauliza hapo juu, nijibu mara mbili.

Nisalimie Shangazi, mwambie asinichekee kabla sijafika. Msalimie kaka Athmani na mkewe, na bibi harusi mwenyewe umbusu kipaji cha uso. Mjukuu wako Swabra anasema kanga yake ya harusi iwe ya manjano.

Mama, ukishauriana nao, kama jibu ni ndiyo, niandikie, nipate kulisoma kila asubuhi na kufurahi upya. Kama ni hapana, nipigie simu.

Mwanao,
Rukia