Maziwa ya Mgando na Mafuta ya Ufuta

Basi dada Milembe, nimalizie habari ya mama mkwe, maana nilikuacha na wasiwasi.

Unajua Bujiku wangu huwapimia pamba wanunuzi binafsi tangu alfajiri, na upepo huu wa Julai ulimbana kifua. Mke wa Mhindi mwenye duka akanifundisha Ayurveda, tiba ya kale ya kwao: baridi hukausha mwili, kwa hiyo nimkande mafuta ya ufuta ya vuguvugu kabla hajaoga, nimpe uji wa tangawizi, na asubuhi asinywe kitu cha baridi. Nikamnyima mgando wake wa asubuhi.

Mama mkwe akawaka! "Mwanangu akose maziwa kwenye mji wenye ng'ombe? Rudi kwenu wakufunde!" Nililia, dada.

Jana Bujiku aliondoka akipiga mluzi, hakohoi hata kidogo. Mama mkwe akaingia jikoni, akanyoosha miguu.

"Mayu, vipi?" nikamuuliza mama.

"Nipake na mimi. Magoti yananisumbua. Mgando wenu tutaunywa mchana."

Nilimkanda huku nacheka. Sirudishwi tena! Jinsi ninavyompenda mume wangu, ningeenda wapi? Mwezi huu hauishi kabla hatujafika nyumbani Lalago kuwatembelea, mimi na Bujiku.

Wako Nyamizi, mke wa Bujiku (raha kuliandika jina hilo!)