Baba, Tela Inaondoka Leo Bila Wewe

Kwako Baba, uliyelala Nyegina,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mama akienda sokoni na nyumba ikabaki kimya, huwa nazunguka uani, nasimama mbele ya tela yako, nainua mikono na kuanza kuongoza gari ambalo halipo. Njoo. Njoo. Kata kulia kidogo. Rudi, taratibu. Hapo! Halafu nashusha mikono na kuchungulia kama kuna jirani ameniona. Wangeniona wangesema binti wa marehemu ameanza kuchanganyikiwa, na pengine wasingekosea sana.

Ile ndiyo ilikuwa sauti yangu pekee, Baba. Unanijua. Darasani jibu ninalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, lakini linanikwama kooni kama mwiba wa sato. Wageni wakija nakimbilia jikoni. Ila ulipowasha pikapu na kunitafuta kwenye kioo cha pembeni, nilipiga kelele mpaka nusu ya Kigera ikajua leo tunaenda mnadani. "Mama, sikuoni!" ulikuwaga unasema. Uliniita mama kwa sababu nina jina la bibi. "Ukiona huoni kioo changu, ujue na mimi sikuoni. Sogea." Nilisogea. Sidhani kuna mtu mwingine amewahi kunitazama hivyo, kwa kunitegemea.

Unakumbuka walivyoicheka siku unaileta? Chumba cha bati juu ya tairi mbili, kitanda ndani, dirisha la kuuzia supu na chapati, mlango nyuma. Vijana wa bodaboda wakapaza sauti: "Mzee, kumbe una nyumba ndogo!" Mama akawajibu bila hata kugeuka: "Anayo, na anayepika humo ni mimi. Njooni mnywe supu." Wakaja, tena wakarudia bakuli. Minada yote tuliyozunguka, Butiama, Bunda, Nyamuswa, tulilala humo watatu, mimi katikati, tukisikia ng'ombe wa watu wakicheua nje.

Asubuhi za kufunga tela hukuwaga na haraka. Mdomo wake ukishakalia kile kichwa cha chuma cha mviringo nyuma ya pikapu, ukabana, pini ikapita, watu wengi huishia hapo. Wewe ndipo ulipoanza. Ulinipa jeki ya tela. "Pandisha." Nikapandisha, na matako ya pikapu yakainuka pamoja na tela. "Umeona? Vimeshikana kweli. Vingekuwa vinadanganyana, tela ingeinuka peke yake." Kisha cheni mbili, ya kushoto ishike kulia, ya kulia ishike kushoto, zipishane chini ya mdomo. Nilipokuuliza kwa nini, ulikunja mikono kama mtu aliyepakata mtoto. "Pini ikituangusha, pua idondokee hapa. Isiguse lami." Halafu taa. Wewe kwenye usukani, mimi nyuma. "Kulia?" Inawaka! "Brek?" Inawaka! Na tukifika Bweri ulisimama tena, ukashuka, ukagusa kila kitu upya, jinsi Mama anavyogusa paji la uso la mtu aliyelala na homa.

Mara moja tu nilikuona umekosea, na ulikosea kwa adabu. Tulikuwa tunatoka mnada wa Nyamuswa. Bibi mmoja, makamo ya mama yako, akakuomba umsogezee magunia yake ya mtama. Utamkatalia vipi mama wa watu mzee, na tela ina nafasi? Yeye akakaa mbele na sisi, magunia yakasukumwa mlangoni, kwa nyuma, juu ya kreti za soda zilizobaki. Kwenye ule mteremko wa kabla ya Butiama tela ikaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kila mara zaidi, na pikapu nayo ikawa inavutwa kiuno. Mama alinishika paja. Nilikuona mguu wako ukiacha mafuta polepole. Hukugusa brek. Mikono ilishika usukani umenyooka, kama vile huoni kitu. "Ukiikemea inakasirika," ulisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Iache ichoke."

Ikachoka. Ulisimama pembeni, na yule bibi akashuka, akaitazama tela juu mpaka chini. "Mwanangu, nyumba yako inacheza ngoma." Tulicheka mpaka machozi. Ukayahamisha magunia yote mwenyewe, ukayaweka usawa wa tairi, yakasogea mbele kidogo. "Mkia ukiwa mzito," uliniambia, "tela ndiyo inakuendesha wewe."

Siku mwalimu wetu wa fizikia alipochora ubaoni mzani na egemeo lake, akaeleza yote kwa Kiingereza, nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Sikunyoosha mkono. Nilitamani tu kurudi nyumbani nikwambie, kisha nikakumbuka.

Leo tela inarudi barabarani kwa mara ya kwanza tangu ututoke. Mama amesema haiwezi kuozea uani, na mnada wa Nyamuswa ni leo. Baba mdogo ndiye ataendesha. Si mtu mbaya, anatupenda, ila kwake kila kitu ni twende. Jana jioni alipakia. Kreti zote za soda na magunia mawili ya mkaa kayabananisha mlangoni, kwa nyuma, ili kushusha kuwe rahisi. Nilimfuata.

"Baba mdogo, mzigo..."

"Sema, mama."

"Upo nyuma."

"Sasa ulitaka ukae wapi, kwenye usukani?" Akacheka, bila ubaya. "Hii English medium yenu siku hizi inafundishaga mpaka kupakia tela?"

Na mimi nikacheka. Kile kicheko chetu sisi wenye aibu, cha kuomba tuachwe. Nikaingia ndani.

Mama atakaa mbele, pembeni yake. Barabara ni ileile, miteremko ipo kwenda na kurudi, na baba mdogo ni mtu wa brek. Usiku kucha nimefikiria hivi: ugonjwa wako haukuwa na mtu wa kuuambia simama. Huu mzigo unaye. Ni mimi, na niko chumbani naandika.

Hivi nikuulize, hukuwahi kuwa mpweke nyuma ya usukani, ukitegemea mtoto mmoja kwenye kioo? Mimi ni mpweke sana, Baba. Mama ananiuliza nina nini, nasema masomo.

Nasikia malapa yake yanakuja. Barua zangu zote kwako zinaishia hapa, chini ya daftari. Hii naiacha juu ya meza. Anafungua mlango.

Ameisoma, Baba. Amesimama, kanga imemlegea begani, akasoma yote kwa kusogeza midomo. Nilidhani atalia alipofika kwenye bakuli za supu. Akatabasamu kidogo, akaendelea. Alipomaliza akaweka kidole kwenye neno mkia.

"Hii ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na cheni?"

"Kafunga moja tu. Nilienda kuangalia."

Hakunigombeza. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanikalisha tena kwenye kiti. "Malizia kumuaga baba yako. Ukimaliza utoke, maana mimi sijui cheni wala tairi." Sasa hivi namsikia uani.

"Shemeji, shusha kreti."

"Tutachelewa mnada!"

"Mnada upo mpaka jioni. Shusha."

Nasikia mlango wa tela ukifunguliwa. Halafu chupa zikaanza kulia ndani ya kreti, moja baada ya nyingine, na baba mdogo anaguna kama mzee. Amesimama sasa. Anaita kupitia dirishani, na safari hii hakuna mzaha kwenye sauti yake: "Mama, na huu mkaa nao niuweke wapi?"

Ananiuliza mimi, Baba. Nimesubiri kidogo, kwa mazoea, nikusikie ukijibu.

Pumzika. Acha nitoke nikamwonyeshe.

Binti yako, mwenye jina la mama yako