Ekseli ya Mkunga

Jumatatu, 4 Machi
Mkunga kaleta baiskeli karakanani kwa mjomba. Vilima vya kwenda kwa kina mama vinammaliza, anataka gia nyepesi. Kajipatia kranki, ile mikono ya pedali, yenye sahani tatu za meno. Yake ina mbili. Mjomba kamwambia itaingia, ila ekseli, chuma cha katikati kinachoshika kranki, ibadilishwe. Ya sasa ni milimita 110, sahani tatu zinataka 118, la sivyo zitabana na fremu. Haya yote anayo kichwani! Mimi bado nachungulia daftari.
Kachagua ekseli kwenye boksi, kafunga, kapachika kranki. "Haya Spoki, malizia gia." Nikafunga kisukumio cha mbele, kile kinachohamisha mnyororo. Kiligoma kuufikisha sahani ndogo. Nikalegeza skrubu ya ndani, inayozuia mnyororo usipitilize, mpaka mwisho — ukashuka. Mkunga kaondoka anacheka.

Jumatano, 6 Machi
Mkunga ameanguka.
Kilima cha zahanati. Kashusha gia kwenda sahani ndogo, mnyororo ukapitiliza, ukakabwa kati ya sahani na fremu. Pedali zikasimama ghafla, yeye chini. Mtulinga umevunjika. Nyuma yake lori — dereva alikwepa kwa bahati tu.
Mumewe ndiye aliyeleta baiskeli. Hakupaza sauti. Aliuliza nani alirekebisha gia. Nikasema mimi. Mjomba alikuwa anafuta spana. Akaendelea kuifuta.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeifungua. 110.
Ekseli mpya, namba imegongwa wazi: 110. Sawa na ile kuukuu. Ndiyo maana kisukumio kiligoma, sahani zilikuwa zimekaa ndani mno. Na mimi, badala ya kuuliza kwa nini, nikalegeza skrubu. Alifunga mjomba, nimuulize nini?
Nikampelekea mlangoni, penye jua. Mjomba, hii ngapi? Akaigeuza, akaipitishia kidole gumba. "Mia moja na kumi na nane. Kwani wewe husomi?"
Nilidhani utani. Nikampa nyingine, ya 122. Na hii?
"Hiyohiyo."
Macho yake hayakuwa kwenye ekseli. Hayakuwa kwangu pia. Yalikuwa pembeni kidogo ya sikio langu.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kwa mke wa mjomba. Nilimkuta anaosha vyombo. Sikumzungusha.
Anajua. Tangu mwaka juzi anajua macho ya mjomba yanafifia! Yeye ndiye anayemsomea ujumbe wa simu. Yeye ndiye anayepanga spana ukutani kila asubuhi, ndogo hadi kubwa, kabla sijafika. Na mimi nilivyokuwa namsifu mzee kwa unadhifu.
Akanishika mkono, wake umejaa povu. Usimwambie umejua. Akinyang'anywa karakana, kwisha habari yake.
Na mkunga je?
Akasuuza sufuria ileile mara mbili.
Njiani breki zote alizofunga mjomba mwezi huu zikaanza kunijia. Mwalimu. Muuza maziwa. Yule dada wa maktaba anayembeba mwanawe nyuma. Nimezunguka kwao wote mchana kutwa, nikisingizia ukaguzi wa bure. Ya mwalimu nzima. Ya muuza maziwa nzima, tena imefungwa vizuri kuliko ningefunga mimi. Ya dada wa maktaba, nati moja imelegea. Nikaikaza huku namjibu mtoto maswali yake.
Vidole vyake bado vinajua kazi. Ni namba tu zilizomtoroka. Lakini alinisikia nikisema "mimi" mbele ya yule bwana, akanyamaza. Hilo halinishuki.

Jumatatu, 11 Machi
Viraka vinne, pampu moja. Nilipofiwa na mama yeye ndiye aliyeniweka kwenye kigoda hiki, akanifumba macho kwa kitambaa, akanipa nati nizitaje kwa kuzipapasa. Leo nimemtazama yeye akipapasa.

Jumanne, 12 Machi
Naandika nimesimama, stoo, mlango wazi.
Mume wa mkunga yuko nje. Mkewe akipona hana usafiri mwingine, anataka baiskeli iwe tayari. Ila safari hii aifunge mzee mwenyewe, siyo Spoki. Kasema mbele yangu, kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyochoma.
Mjomba kajibu, "Sawa."
Sawa! Sikuamini masikio yangu. Kavuta kigoda, kaniagiza boksi la ekseli. Nikamletea. Nikasema nakwenda kuchukua grisi. Kopo la grisi hili hapa, nimelishika kwapani.
Namwona. Katoa ekseli mbili, moja kila mkono. Anazipima kwa vidole, anazibadilisha mikono, anarudia. Yule bwana kaegemea ukuta, yuko kwenye simu. Nikitoka kusema, nimemvua nguo mzee wa watu mbele ya mteja. Nikinyamaza akaotea vibaya, mkunga atapanda tena kilima kile.
Kaziweka zote mapajani. Ananiita. Si Spoki. "Mpwa wangu," sauti ya kusikika mpaka barabarani, "njoo unisomee. Ipi ni ipi?"
Mume wa mkunga ameshusha simu.