Unga wa Bukari Kando ya Bahari

Anderlecht, Ubelgiji, Jumanne

Hatuhami! Papa anakaribia kustaafu na anataka tukaishi kando ya Mediterania. Kwenye orodha yake amebakiza vijiji viwili, kimoja Hispania, kingine Italia. Niliwachorea wazazi jedwali la shule na hali ya hewa ya kila kijiji. Maman hakulitazama.

"Bon, unga ya bukari inapatikana wapi?" akauliza.

Nikatumwa kupigia simu maduka ya huko kuulizia unga huo wa ugali, mimi ninayeogopa hata kuagiza mkate. Hispania hawana.

"Na Italia?" akauliza Papa.

"Hawana pia."

"Alors, tunabakia hapa," akasema Maman.

Papa akakunja ramani polepole. Naona aibu. Yule mama mwenye duka wa Italia alicheka kwenye simu: duka lake limejaa unga wa mahindi, na wanausonga kama sisi.

Lakini shuleni nina rafiki mmoja tu, na kumsalimia kulinichukua miaka miwili.