Shangazi, Maji Yale Nilikosea Kuyapima

Iyunga, Mbeya
9 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Blandina,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Huku asubuhi tunatoa moshi mdomoni, lakini afya ipo, Mungu anatubeba. Mchele wa Usangu ulionitumia umefika, nyumba nzima ilinukia. Ndaga fijo, asante sana, shangazi yangu.

Sasa kaa chini kwanza, maana nimekuharibia.

Unakumbuka mwezi wa tano nilikuja na deli la barafu, nikachota maji machafu yanayotoka kwenye yale machinjio mapya juu ya mto wenu. Maabara tunajaza chupa pomoni, kisibaki hata kiputo, tunafunga na kuiweka gizani kwenye kabati la ubaridi siku tano. Humo vijidudu vinakula uchafu huku vikivuta hewa ya oksijeni. Hewa ikipungua sana, maji ni machafu. Ile chupa yenu hewa ilibaki karibu yote, nikaandika kwamba maji yanafaa kuingia mtoni.

Ole wangu! Siku ile nilipofungua dumu, lilinuka klorini. Wewe ndiye uliyenilea, unajua kwako choo kisiponuka dawa hakijaoshwa, mtu anarudishwa na fagio lake. Basi nikafurahi, nikasema hawa ni watu wasafi. Kumbe klorini ileile iliua vijidudu vyote ndani ya chupa. Vingekula nini vikiwa vimekufa? Nilitakiwa nipime klorini kwanza, niiondoe kwa dawa yake, kisha nitie vijidudu hai. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Mimi na miaka yangu tisa kazini nikaliruka.

Wiki mbili zilizopita mwenzangu Vitus alikuwa anapitia daftari, akauliza mbona safu ya klorini iko tupu. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Nikaja kuchota tena, nikapita mlangoni pako bila hodi kwa aibu, unisamehe. Safari hii niliandaa sampuli inavyotakiwa. Leo nimefungua chupa. Hata ile niliyoizimua mara mia kwa maji safi, hewa imekwisha kabisa.

Mwenzio sili, silali, kwa ajili yako. Mdogo wangu Devota aliniambia jinsi mzee Jailos alivyolalamika kwenye mkutano wa kijiji kwamba samaki wanaelea na wajukuu zake wanaharisha, nawe ukasimama ukamkata kauli: "Mwanangu Sekela kayapima mwenyewe, acheni uzushi!" Watu wakakuamini, wakaendelea kuchota. Uliweka heshima yako juu ya karatasi yangu, shangazi. Nalia ninapoandika, sikufichi.

Devota nimeshampigia: msichote tena pale, na watoto wasioge humo. Bosi nimemwambia mchana huu. Aliguna tu, akasema niandike maelezo. Huenda nikasimamishwa. Potelea mbali, mficha maradhi kifo humuumbua.

Lakini simu haina saini, na mkutano ule ulionyeshwa karatasi yenye saini yangu. Ndiyo maana nampa Gwakisa barua hii, anakuja huko na basi la kesho alfajiri. Jumapili watu wakitoka kanisani, isomwe yote kwa sauti. Usiisome wewe. Mpe mzee Jailos aisome, na ukiweza, simama kando yake. Yeye ndiye aliyesema kweli siku ile, na sisi wawili tukamnyamazisha.

Nisalimie Devota, Ombeni na kaka Kasian. Wajukuu wa mzee Jailos wapelekwe zahanati, wasingoje. Mungu awaponye, akutunzie goti lako, na akupe moyo wa kunipokea nikija.

Mwanao uliyemtetea, anayekupenda,

Sekela Andendekisye Mwakalinga