Sinia Haliingii Humo

Baba Naima,

Wali na samaki wa nazi nimepika humo humo kwenye maikrowevu uliyoleta kutoka Dubai. Vimo kwenye bakuli la udongo. Funika na sahani ukipasha, na usitie kijiko cha chuma. Umeme ukikatika, mkaa uko chini ya meza.

Asubuhi, mbele ya mtoto, ulisema, "Mama Naima, usinisubiri tena usiku. Mashine ipo." Ukacheka. Nami nikacheka, nisijiaibishe.

Lakini mie sikuwahi kuchoka kukungoja. Zamani ulikuja mbio kutoka kazini kabla mkaa haujanizimikia, tukala watatu kwenye sinia moja. Tangu mashine ije, chakula kinakungoja hadi utoke huko Sinza unakokwenda baada ya kazi, na kila mtu anakula peke yake.

Nimekwenda na Naima kwa dada Mwanaheri, Pugu. ~~Tutarudi Ijumaa.~~ Sijui tutarudi lini.

Sinia nimelisugua, nimelitundika ukutani. Ni la bati, haliingii kwenye mashine. Ukitamani tule tena kwenye sinia hilo, njoo utuchukue kungali mchana.

Mama Naima